Boma la Kobe Modogashe: Jani la Plastiki, la Kitalu au la Porini?

Kobe hana meno. Ana mdomo mgumu wenye makali kama ya mkasi, na akikutana na kitu asichokijua, hukinusa, huinamisha kichwa, kisha hukiuma. Mwekee ua la plastiki la rangi nyekundu, ataliuma. Mwekee zulia la nyasi bandia, atavuta uzi mmoja, atameza, kisha atarudi kuvuta wa pili. Kwake kila chenye umbo la jani ni chakula mpaka kidhihirike kuwa sicho, na akishakimeza hakuna wa kukitoa.

Hapo ndipo penye mzizi wa makala hii. Anayenunua mimea ya boma huwa anaangalia jinsi itakavyopendeza machoni pake. Atakayeilipia ni tumbo la mnyama. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza swali moja: akila, itakuwaje?

Nimechagua Modogashe kwa sababu ukame huanika wazi kila hesabu mbovu. Mji huu wa eneobunge la Lagdera umekaa pale kaunti za Garissa, Isiolo na Wajir zinapokaribiana, kwenye njia ya magari yatokayo Isiolo kwenda Wajir na Mandera. Maji hapa hupimwa kwa mtungi wa lita 20. Mmea unaoonekana wa bure Nairobi, hapa una bili kila siku. Na kobe mwenyewe si mgeni: yule mkubwa mwenye madoa kama ya chui hutembea vichakani humu tangu zamani, na Wasomali humwita diin.

Kibali kwanza

Gharama ya kwanza ni karatasi, na haikwepeki. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kobe wa porini si wa anayemwokota. Kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kobe wa jamii zote pia wamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kumvusha mpaka ni jambo la vibali.

Usidhani serikali hujali tembo na faru pekee. Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana wawili raia wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, na walichokamatwa nacho kilikuwa chungu, wale wadudu wadogo. Ikiwa chungu wana bei hiyo kortini, kobe ana yake.

Makala hii basi ni ya mwenye kibali au anayekiomba: shule, hifadhi ya jamii, nyumba ya wageni, au mfugaji aliyesajiliwa. Asiye nacho asiache kusoma, maana mwisho kuna chaguo lisilohitaji karatasi yoyote.

Chaguo la kwanza: mmea bandia

Maua ya plastiki yana sifa yake na haifai kuyaonea. Hayanywi maji, hayafi, na hufika kwa urahisi. Kwa nyoka, mmea bandia ni chaguo zuri kabisa: nyoka hali majani, anataka mahali pa kujificha tu, na plastiki huoshwa kwa dawa ya madoa, husuuzwa, huanikwa na kurudishwa. Kwa mjusi mla wadudu pia hauna neno, mradi hauna waya uliochomoza.

Kinyonga ana hesabu nyingine. Yeye hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani. Jani hai hushika tone vizuri na huacha hewa ikiwa na unyevu kidogo. Bandia litamsitiri, lakini halitamsaidia kunywa kama lile hai.

Kwa kobe, bandia lina makosa matatu. La kwanza ni hilo la kuliwa. Kipande cha plastiki au uzi wa nyasi bandia hukwama tumboni na kuziba njia, na kobe ni mnyama wa polepole hata katika kuumwa: unaweza kugundua ameacha kula siku nyingi baada ya kumeza. La pili ni joto. Jani hai hupoa kwa sababu hupoteza maji. Plastiki hupokea jua na kulihifadhi. Lile zulia la nyasi bandia lililoenea kwenye kumbi za wageni, likianikwa juani saa saba mchana, huwa moto kuliko udongo wa pembeni yake. Kuligusa kwa kiganja chako kunatosha kuwa kipimo. La tatu ni uchakavu. Jua hula rangi, kisha hula plastiki yenyewe, mpaka jani linavunjika kama kaki. Vile vipande vidogo ndivyo vinavyomezwa.

Ukilazimika kununua bandia, hata kwa nyoka, lijaribu dukani na nyumbani kwa hatua hizi:

- Vuta jani kwa nguvu ya vidole viwili. Likichomoka, lirudishe.
- Pinda shina. Ukiona ncha ya waya, lirudishe.
- Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikihamia kitambaani, lirudishe.
- Litumbukize kwenye ndoo ya maji juani kwa siku tatu. Maji yakibadilika rangi au harufu, umejua ulichotaka kujua.

Chaguo la pili: mche wa kitalu

Hapa ndipo watu wengi huuziwa sumu kwa tabasamu. Mimea inayovumilia ukame bila kuliwa na mbuzi huvumilia kwa sababu: ina utomvu au sumu inayowafukuza. Muuza miche husema kwa fahari, "Hii hata mbuzi haigusi." Kwa mwenye ua wa nyumba, hiyo ni sifa. Kwa mwenye kobe, ni onyo.

Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama chupa na maua ya waridi, ni zuri kweli na ni mzawa wa nchi kavu za Kenya. Utomvu wake una sumu ya moyo. Wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Oleanda yenye maua meupe au mekundu, na ndugu yake mwenye maua ya manjano yaliyo kama tarumbeta, zina sumu za aina hiyohiyo, na zimepandwa kwenye yadi nyingi za ofisi na shule nchini. Mnyaa, unaotumika kama ua, una maziwa yanayochoma ngozi na yanayoweza kuharibu jicho. Lantana hudhuru ini la mifugo. Mbegu za mbarika ni sumu. Na ile mimea ya sebuleni yenye majani mapana ya madoa, inayofika na mizigo kutoka Nairobi, mingi ina chembe kali zinazochoma mdomo na koo.

Mwarobaini uko katikati. Kivuli chake kinajulikana mji mzima wa Garissa, lakini mbegu na majani yake si chakula cha kobe. Upande nje ya ukuta, upande ambao kivuli cha alasiri kitaangukia ndani, na ufagie kinachodondoka. Kanuni hii inafaa kwa miti mingi: kivuli kiingie, tunda lisiingie.

Ipo miche ya kitalu inayofaa. Haibiskasi, majani na maua yake, huliwa na kobe bila shida. Mforosadi pia. Matembele ya viazi vitamu ni mboga nzuri pale maji yanaporuhusu. Mpungate usio na miiba kobe huupenda mno, lakini fahamu kuwa huko Laikipia jamii za mpungate zimevamia malisho na kuwa janga; uukate kabla haujazaa, au uuache kabisa. Kuliko vyote, panda nyasi. Chakula kikuu cha kobe huyu ni nyasi na magugu, na mbegu za nyasi za nchi kavu za Kenya hupatikana kupitia watafiti wa malisho wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, huko Kiboko.

Mche wowote wa kitalu usiuingize bomani siku uliyoununua. Huenda umepuliziwa dawa ya wadudu, na udongo wake huenda una punje nyeupe za mbolea au za kulegeza udongo, ambazo kobe huzila akidhani ni kitu cha maana. Ung'oe, uoshe mizizi, upande kwenye udongo wa kwenu, na uuache nje ya boma mpaka majani mapya yachipuke.

Chaguo la tatu: mmea uliopo tayari

Mkosi wa mathenge unatufunza jambo. Mti huo uliletwa Kenya mwaka 1973 kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, ili kuyarudishia kijani. Miaka ya themanini ukapandwa nchi kavu kama dawa ya jangwa. Ukageuka mwenye nyumba. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari, baada ya wafugaji wa Baringo kuwa wamekwisha kumpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno, kama ushahidi wa madhara ya yale maganda matamu. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Panda mathenge, ni bure," jua kwamba bei yake italipwa na jirani. Kama upo tayari, tumia kivuli chake, fagia maganda kabla mnyama hajayala, na usitumie matawi yenye maganda kuzungushia ua. Utakuwa umepanda msitu.

La kuchekesha ni kwamba Bamburi hiyohiyo ndiyo iliyowapa watu kobe mashuhuri zaidi Kenya: Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra, ambaye kiboko yatima Owen alimng'ang'ania kama mzazi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Mahali pamoja palitupa mfano mwema wa boma la kobe na mfano mbaya wa mti wa bure.

Modogashe ina hazina yake. Mgunga hutoa kivuli chepesi kinachosogea na jua, ndicho kobe anachokitaka. Mti wa garas hubaki kijani hata nyasi zikiisha. Mareer ni kichaka kinachoinamia chini, kikitengeneza pango la kivuli ambamo kobe huingia mpaka usimwone. Mswaki, ule wa kusafishia meno, husimama pale udongo una chumvi. Hakuna hata mmoja unaohitaji mtungi wako, maana umeshalipia mizizi yake kwa miaka mingi ya kiangazi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usipeleke mti bomani, peleka boma kwenye mti. Kabla hujachimba msingi, tembea kiwanja saa saba mchana, utazame kivuli kiko wapi, kisha chora mstari wa ukuta ukizunguke. Mafundi hufanya kinyume: husawazisha kiwanja, hung'oa vichaka vyote, hujenga, halafu mwenye mali huanza kununua kijani alichokifyeka.

Tufanye hesabu

Bei hubadilika kwa msimu na kwa umbali, basi nitatumia bei za mfano. Weka za mtaani kwako, na kanuni itabaki ileile.

Tuseme una miche kumi, kila mmoja unakunywa lita tano siku moja baada ya nyingine. Kwa mwezi ni lita 75 kwa mche, lita 750 kwa yote, yaani mitungi 38 hivi. Ukipanda mvua za deyr zinapoanza, Oktoba, utamwagilia hasa wakati wa jilaal, miezi mitatu ya kwanza ya mwaka. Hiyo ni mitungi 114. Mtungi ukiwa shilingi 20, ni shilingi 2,280. Ongeza miche kumi ya shilingi 100, jumla ni 3,280. Mwaka wa pili mizizi imeshuka. Lita tano kwa wiki kwa kila mche zinatosha, mitungi kumi kwa mwezi, na kwa miezi sita ya ukavu ni shilingi 1,200. Baada ya hapo mti wa nchi kavu hujitegemea. Miaka mitano: shilingi 4,480.

Upande wa bandia, tuseme mafungu kumi ya shilingi 300 kila moja: shilingi 3,000. Siku ya kwanza bandia limeshinda. Lakini likiliwa na jua na kubadilishwa kila mwaka, miaka mitano ni 15,000. Hata miche yote ikifa jilaal la kwanza ukalazimika kuanza upya, utakuwa umetumia 7,760, karibu nusu ya ile ya plastiki. Na kobe huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka hamsini. Zidisha mwenyewe.

Ukihamishia boma kwenye kichaka kilichopo, safu ya mimea katika bajeti yako ni sifuri. Fedha ihamie kwenye ukuta: uwe mfupi na usioonyesha nje, maana kobe akiona ng'ambo kupitia waya hushinda akiusukuma siku nzima.

Kuna akiba nyingine ambayo kila nyumba inayo. Miche kumi inataka lita 25 kwa siku. Watu sita wanaotawadha mara tano, kila mmoja akitumia lita moja tu kila mara, wanamwaga lita 30. Weka beseni chini ya bomba au birika, elekeza mfereji kwenye shina, na bili ya maji ya miche imefutika. Sharti ni moja: yawe maji ya udhu, yasiwe ya sabuni.

Hata hivyo ukame una neno la mwisho. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya. Wakati kama huo hakuna mtu mwenye akili atakayemnyima mbuzi maji akamwagilie haibiskasi. Panda kwa kiasi ambacho utaweza kukihudumia mwaka mbaya, si mwaka mzuri.

Gharama isiyoandikwa: kupe

Mfugaji ana sababu ya ziada ya kuchagua mahali pa boma. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa aina hii, pamoja na jamii nyingine mbili za Afrika, kwa kuhofia kupe wao. Kupe wa kundi hilo hueneza ugonjwa unaojaza maji kwenye mfuko wa moyo wa mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mnyama hufa akitupatupa miguu. Nchi iliyo ng'ambo ya bahari iliona hatari hiyo. Wewe mwenye zizi hatua ishirini kutoka hapo usiipuuze.

Kwa hiyo boma la kobe lisipakane na zizi. Acha ukanda mtupu uliofagiwa kati yake, usirundike majani marefu ukutani, mkague kobe shingoni na kwenye mapaja anapoingia, na usilete matawi yaliyokatwa malishoni bila kuyakung'uta na kuyaanika. Kichaka kizuri mahali pabaya ni hasara kuliko plastiki.

Uamuzi kwa mfuko wako

Mwenye nyoka au mjusi mla wadudu: nunua bandia lililopita majaribio manne, lioshe, ulale usingizi.

Mwenye kinyonga: mche hai mmoja wenye majani mengi, na bandia kama nyongeza.

Mwenye kobe na kiwanja chenye vichaka: usinunue mmea wowote. Zungushia mareer au mgunga uliopo, panda nyasi, maliza.

Mwenye kobe na kiwanja kilichokwisha kufyekwa: neti ya kivuli kwa miaka ya kwanza, ifungwe juu asiifikie, na miche michache ya wenyeji chini yake ikinywa maji ya udhu. Neti ni daraja tu. Ikichanika mwaka wa tatu, mti uwe umeshika zamu.

Mwenye kobe na anayetaka maua ya kupendeza wageni: yaweke barazani, kwa wageni. Huko hata plastiki haina kosa. Na kabla ya kutoa shilingi, ukipita Nairobi ingia Snake Park ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa 1961, utazame makazi ya wanyama hao wa magamba yalivyopangwa. Kiingilio ni rahisi kuliko kosa.

Na yule asiye na kibali? Ana chaguo la bei nafuu kuliko yote. Siku ya kusafisha kiwanja, mwambie fundi aache kona moja: kichaka kimoja cha mareer, nyasi zake, na pengo la kobe kupita chini ya ua. Mvua za gu, yaani masika, zikinyesha, diin atakuja mwenyewe, atakula, atalala kivulini, ataondoka. Hatadai maji, hatadai ukuta, wala hutadaiwa na KWS.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Modogashe, kwa mara moja, kilicho rahisi kabisa ni kile usichokifyeka.